Koplo Aliyetuchimbisha Mfereji

Katika miaka yote niliyomfahamu Koplo, sikumwona hata siku moja akimpiga mtu ngumi. Watu hawaniamini nikisema hivyo, maana yeye ndiye aliyetufundisha masumbwi sisi vijana wa Daraja Mbili, enzi zile mji wa Arusha ulipokuwa mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni unaombewa afya stendi. Wanatarajia niwasimulie habari za jitu la misuli lenye pua iliyopinda. Pua ilikuwa imepinda kweli, lakini aliyeipinda ni mlango wa lori la jeshi, na misuli yenyewe ilibidi uitafute chini ya koti zito ambalo alilivaa hata jua likiwa utosini.

Kwao hasa palikuwa wapi sijui, na sitajifanya najua. Tulipomwuliza alijibu kwamba alizaliwa jeshini, akiwa na buti miguuni. Alikuwa amepigana Burma, akarudi na cheo cha koplo, lile koti, na jozi moja ya glavu za ngumi. Kwa maelezo yake alizipata kwa kushinda pambano kambini. Kwa maelezo ya mzee mmoja aliyekuwa naye huko, alisahau tu kuzirudisha stoo. Cheo kikawa ndilo jina lake, na sidhani kuna mtu mjini aliyewahi kumwita kwa jingine.

Jambo moja lilimnyima usingizi, nasi sote tulilijua. Serikali ya Waingereza haikutaka mwanamume akae mjini bila kazi ya kudumu. Asiye na mwajiri alihesabiwa mhuni, na akipatikana hupandishwa lori akarudishwa kwao. Koplo alikuwa kibarua wa kubeba magunia ya kahawa, kazi ya msimu. Msimu ukiisha anakuwa mhuni, yeye na medali yake ya vita. Na kurudishwa kulimtisha kwa sababu ambayo waliotunga sheria ile hawakuifikiria: hakuwa na kwao. Aliporudi kutoka vitani alikuta wazazi wamekufa, nduguze wametawanyika, na shamba la baba yake linalimwa na watu waliomsalimia kwa heshima, wakamkaribisha maji, kisha wakamwuliza anapita kuelekea wapi.

"Mtu akifukuzwa angalau ajue anafukuzwa aende wapi," alituambia siku moja, akacheka. Sisi hatukucheka.

Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa uani kwa mama mmoja mjane aliyeuza makande. Jina lake la ubatizo lilikuwa zuri, lakini mji mzima ulimwita Mama Makande. Alitupa ua ule kwa sharti kwamba tusitukane na tusikanyage maharage yaliyoanikwa. Tulining'iniza gunia la mchanga kwenye boriti ya banda la kuni, na kwa kuwa glavu zilikuwa jozi moja, wanaopambana waligawana: huyu anavaa ya kushoto, yule ya kulia, mkono uliobaki unafungwa nyuma kwa kitambaa. Koplo alisema huo ulikuwa mtindo maalumu wa Burma. Tuliamini kwa muda mrefu sana.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi kwa muuza mikate. Nilikanda unga tangu alfajiri, na mikono yangu ilikuwa na nguvu ambayo niliionea fahari kupita kiasi. Siku ya kwanza nililipiga lile gunia mpaka banda likatikisika na kuku wa Mama Makande wakahamia kwa jirani. Nikageuka ningoje sifa. Koplo alikuwa ananitazama miguu.

"Unafanya kazi wapi, kijana?"

"Kwenye mikate."

"Nimeona. Mikono yako imeajiriwa," akasema. "Lakini hii miguu, Mkate, hii ni mihuni."

Jina la Mkate likaniganda tangu siku hiyo. Alimbatiza kila mtu kwa kazi yake: tulikuwa na Spana, na Mkasi, na mwingine aliyechinja buchani ambaye aliitwa Maini. Aliyenusurika ni Elisante peke yake, Mmeru wa juu ya Tengeru aliyekuwa akijifunza useremala mjini. Koplo alisema jina lile limeshatengenezwa vizuri kanisani, ni dhambi kuliharibu.

Imani yake kubwa ilikuwa kwamba anayefanya mazoezi ya ngumi peke yake hatajua ngumi. "Ngumi ni mgeni," alikuwa akisema, "pumzi ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba akitoka, mgeni atakaribishwa na nani?" Alikuwa ameona kambini wanaume wenye mikono kama magogo wakiangushwa na vijana wembamba, si kwa sababu wale wembamba walijua kupiga, bali kwa sababu raundi ya tatu ilipofika wao walikuwa bado wamo ulingoni na wale wengine walikuwa wamebakiza miili tu. Kwa hiyo alitaka tuwe na mazoezi mengine pembeni. Vyombo vya mazoezi hatukuwa navyo, basi akawa anazunguka mjini akitazama kazi za watu kwa jicho la mwizi. Akiona kazi inayomtoa mtu jasho kwa namna ya ajabu, jioni anakuja nayo kwetu.

Ndivyo alivyotupeleka kwa wapasua mbao. Wakati ule mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo, mwenzake yumo shimoni chini yake anakula vumbi. Koplo hakutaka tujifunze kuvuta. Alitaka tujifunze kuachia. "Mwenzako akivuta wewe pumzika," alisema, "ukipigana naye mtachoka wote na mbao itapinda." Mimi nilipigana na mwenzangu, na mbao ikapinda, na fundi akatufukuza kwa maneno ambayo Mama Makande asingeyaruhusu uani kwake.

Akatupeleka pia magharibi ya mji kwa Waarusha, siku ya sherehe ya vijana wao. Tulikaa pembeni juu ya nyasi kutazama wanavyoruka. "Msitazame vichwa vinavyopanda," alitunong'oneza, "tazameni visigino vinavyoshuka." Kweli, walikuwa wakitua bila kishindo, na kisigino hakigusi chini. Mzee mmoja wa pale alitutazama kwa muda akiegemea fimbo yake, kisha akamwuliza Koplo kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hawa watu wako wanakagua miguu ya vijana wetu kama wanunuzi wa ng'ombe. Mnataka kununua?" Koplo akamweleza habari za masumbwi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema kupigana kwa mikono mitupu ni kazi ya mtu aliyesahau fimbo nyumbani.

Lakini zoezi ambalo lilitutia aibu mjini ni kinu. Makande yanataka mahindi yakobolewe, na Mama Makande alikoboa kila siku na shogaze, watu watatu kwa kinu kimoja, michi ikipanda na kushuka kwa zamu. Koplo alisimama akawatazama asubuhi nzima huku chai inapoa mkononi. Jioni yake wanaume watatu wenye ndevu tulisimama mbele ya kinu tumeshika michi.

"Koplo," Mama Makande akasema, "hawa wanaume zako wakinivunjia kinu, kinu utakuwa wewe."

"Hawavunji, mama. Wanajifunza zamu."

Kila aliyepita njiani alisimama. "Hongereni, akina mama!" walituambia. "Mkimaliza mtusukie na nywele!" Mchi wangu uligongana na wa Spana, na wa Spana na wa Maini, na mahindi yakaruka mpaka paani. Koplo amekaa kwenye kigoda, amefumba macho.

"Na wewe mbona hutwangi?" Mama Makande akamwuliza.

"Mimi nasikiliza."

"Haya. Nitakupakulia sauti, ule ushibe."

Nilichukia kinu kile kwa roho yangu yote. Halafu siku moja, nikiwa na glavu ya kulia mbele ya Elisante mwenye ya kushoto, nikahisi mkono wangu unangoja. Haukurupuki tena. Ulikaa ukasikiliza wake upite, ndipo ukaenda, na ukafika. Nilishangaa kuliko Elisante, na yeye ndiye aliyekaa chini. Koplo akamnyooshea Mama Makande kidole cha gumba, na mama akajibu kwamba mahindi bado hayajatosha.

Nisije nikamfanya malaika. Alitukataza sigara na yeye akivuta kama treni. Alitukimbiza barabara ya Moshi na yeye akitufuata kwa baiskeli ya kuazima, anapiga kengele tukilegea. Aliogopa maji ya baridi. Nimewaona watu waliotoka vitani wakiogopa radi au giza, lakini Koplo aliogopa kuoga asubuhi. Ugomvi wa vilabuni aliukimbia. Mlevi mmoja aliwahi kumzaba kofi mbele yetu, na Koplo akaokota kofia yake, akaipangusa, akaenda zake. Tuliona aibu kwa niaba yake. Mkasi akamwuliza kwa nini hakujibu. "Nimeshapiga vya kutosha," alisema, "na vyote nilipiga kwa niaba ya watu wengine." Hatukumwuliza tena.

Sasa nifike kwenye mfereji, maana bila mfereji Koplo hana hadithi.

Jumamosi moja Elisante alitualika kwao. Tulikwenda mbio za pole mpaka Tengeru, Koplo na kengele yake nyuma, kisha tukapanda mlima kupitia migomba na kahawa. Mvua kubwa zilikuwa zimeteremsha tope na kuziba mfereji unaoleta maji vihambani, yaani kwenye mashamba yao ya nyumbani, na tukawakuta wanaume wa pale wamo ndani yake wanauzibua. Mtu akichota tope kwa jembe, analitupa juu ya bega kwa kukata kiuno, mguu wa nyuma ukimsukuma. Koplo akasimama, akateremka kwenye baiskeli.

"Mnakiona kile kiuno?" akatuambia. "Hiyo ndiyo ngumi ya pembeni niliyowaimbia mwaka mzima."

Baba yake Elisante ndiye aliyekuwa mzee wa mfereji, mtu mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kanisani. Koplo akamwendea, akavua kofia. "Shikamoo, mzee. Vijana wangu wanaweza kushika majembe kidogo?"

"Marahaba." Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyinyi hamtaki hata siku ya kwanza ipite?"

"Hatutaki, mzee."

"Basi, majembe hayo hapo."

Tangu hapo kila Jumamosi yenye kazi ya mfereji tulikuwepo. Tulitoka na mgongo unaowaka, lakini miguu yangu mihuni ikaanza kupata ajira, maana kusimama kwenye tope linaloteleza na kutupa uzito unaokuzidi wewe ni shule kubwa. Jambo la ajabu ni kwamba huko, na huko tu, Koplo alivua koti. Mtu wa baiskeli, mtu wa kigoda, alikunja suruali akaingia kwenye maji ya mlimani ambayo kwa baridi yake yangemfanya mjini apige yowe, akachimba kutupita sote. Jioni mzee wa mfereji aliita majina ya watu, nyumba kwa nyumba, kila mmoja akaitika. Mwishoni akaita, "Koplo!" na Koplo akasimama wima, "Nipo!" Tulidhani ni utani wa wazee. Kisha maji yalifunguliwa, na kila mtu akayafuata shambani kwake. Koplo alibaki amesimama ukingoni anayatazama yakiingia kwenye migomba ya wengine, mpaka Elisante amwambie chakula tayari. Nilidhani anapumzika.

Sisi tuliwaona wale wazee kuwa wakarimu sana kutuachia tope lao tufanyie mazoezi bure. Wao walikuwa wanatuonaje, hatukujiuliza.

Msimu wa kahawa ukaenda ukingoni, na pale mjini ikasikika habari njema. Yalikuwa yanakuja maonyesho ya wilaya, na mzungu aliyesimamia michezo alitaka mashindano ya masumbwi. Mwalimu wa kundi litakaloshinda angeajiriwa kuangalia jumba la starehe la Waafrika: kazi ya mwaka mzima, yenye chumba cha kulala nyuma. Kwa wengine ilikuwa kazi ya kufagia na kufunga milango. Kwa Koplo ilikuwa ndiyo tofauti kati ya mtu na mhuni. Karani mmoja alikuwa ameshamwonya kwamba lori la kurudisha watu litaondoka baada ya maonyesho.

Ndipo Koplo alipofanya kosa ambalo angemcheka mtu mwingine kwa kulifanya. Hofu ilimfanya asahau mafundisho yake mwenyewe. "Hakuna kinu," alituambia. "Hakuna mfereji, hakuna mbao. Sasa ni glavu tu." Asubuhi gunia, jioni gunia. Elisante alijaribu kumwambia kwamba Jumamosi ile mfereji unazibuliwa, na ile nyingine pia, na kwamba baba yake anauliza. "Mwambie baba tutakuja tukishashinda," Koplo alijibu bila kumtazama. Mama Makande akatikisa kichwa. "Unamlisha mtoto siku ya mtihani tu," alisema. Koplo hakumsikia, na kwa mara ya kwanza chai yake ilirudi jikoni haijaguswa.

Kwenye maonyesho tulipambana na vijana wa shamba moja la mkonge, watu wanaokata majani tangu jua linachomoza, wakavu kama fito. Elisante alishinda, Maini alishinda, Spana na Mkasi wakapigwa. Pambano la mwisho likawa langu, na kazi ya Koplo ikawa juu ya mabega yangu. Raundi ya kwanza nilimpiga yule kijana vizuri mpaka watu wakasimama. Ya pili nilimpiga kiasi. Ya tatu niliisikia miguu yangu ikiniaga. Mwenye nyumba alikuwa ametoka, na mgeni hakuwa na pa kukaa. Yule kijana wa mkonge alikuwa anapumua kwa pua kama mtu anayengoja basi.

Nilipokwisha kupigwa, Koplo alinivua glavu mwenyewe. Nilishindwa kumtazama. "Si wewe, Mkate," akasema. "Mimi ndiye niliyekunyang'anya miguu nikaifungia nyumbani." Nililia pale pale uwanjani, na wala sikujali nani anaona.

Jumatatu tulimsindikiza bomani, Mama Makande na mimi. Lori limesimama nje, wanaume wengine wameshakaa ndani na mabunda yao. Koplo amevaa koti lake, glavu amezifunga kwa kamba begani. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, mzungu wa makamo, mwenye uchovu, hakuwa mtu mbaya, alikuwa amekaa barazani na karani wake. Akauliza swali lile lile aliloliuliza kwa kila mtu asubuhi ile.

"Kwenu wapi?"

Koplo alikuwa amesimama mkao wa jeshi. Akafungua kinywa, akakifunga. Karani akarudia, "Unaulizwa kwenu wapi, useme lori likushushe wapi." Nikatazama pembeni. Nilifikiri, Mungu wangu, watamshusha popote tu, kama gunia.

Wakati huo huo wakaingia uani wazee watatu, miguu imejaa vumbi la barabara. Mbele alikuwa baba yake Elisante. Walikuwa wametoka Tengeru kwa miguu tangu alfajiri, wakaulizia Daraja Mbili, wakaelekezwa bomani.

"Huyo hapo," mzee akasema akimnyooshea Koplo fimbo. Kisha akakumbuka adabu, akawasalimia wote waliokuwa barazani, ndipo akaendelea. "Tunamtaka huyu. Amekosa kazi ya mfereji. Si mara moja. Tunataka mbuzi wetu."

"Subiri, mzee," karani akasema. "Huyu anaondoka leo."

"Anaondoka kwenda wapi na faini yetu?"

Bwana Shauri akataka kuelezwa, karani akamweleza. Yule mzungu alikuwa ameishi wilayani muda wa kutosha kujua kwamba mambo ya mifereji si ya kuchezea. Akaegemea mbele, akauliza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha bomani. "Faini ya mfereji, nyinyi natoza nani?"

"Mwenye maji," mzee akajibu. "Mgeni hatumtozi. Mgeni tunampa chakula aende zake."

"Na huyu iko na maji kwenu?"

"Si amechimba?" Mzee alianza kukasirika sasa. "Amechimba yeye, na vijana wake wamechimba. Wengine wakitaka mahali kwetu wanakuja na maneno mengi na pombe, jembe hulioni. Huyu alianza na jembe. Hakuomba kitu, hakupiga kelele. Tukasema, huyu amelelewa. Tunamwita pamoja na nyumba zetu, anaitika. Tukawa tunangoja siku atakayotamka neno, tumwonyeshe mahali. Badala ya kutamka, akatoroka!"

Koplo alishusha glavu begani, akazishika kwa mikono miwili kama kofia.

"Mzee, mimi sikujua," akasema. "Mimi nilikuwa nafanya mazoezi."

"Unafanya nini?"

"Mazoezi. Ya ngumi. Kiuno na miguu."

Mzee akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kimeru. Walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye ngazi za boma. Naye mzee akapangusa macho. "Basi endelea na mazoezi," akasema. "Lakini mbuzi utatoa."

"Mbuzi natoa mimi!" Mama Makande akadakia kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye lori. "Nina mmoja anayenimalizia maharage yangu. Mchukueni leo, mchukueni na kamba yake!"

Bwana Shauri alimtazama Koplo kwa muda, akamtazama mzee, kisha akamwambia karani aite anayefuata. Hivyo tu. Koplo hakuelewa kwamba amekwisha kuruhusiwa, aliendelea kusimama wima mpaka mzee akamshika mkono wa koti akamvuta, wakaondoka. Nilimwona anatembea na wale wazee katikati ya barabara, hajui aweke wapi mikono yake.

Walimpa mahali mwisho kabisa wa mfereji, malisho ya zamani ambako maji hufika yakiwa yamechoka. Alipanda migomba, kisha kahawa. Jumamosi tulikwenda huko, tukachimba kwa majembe na kupigana kwa glavu, na maonyesho yaliyofuata tulishinda, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa na haja na ile kazi ya kufunga milango. Kama Mama Makande alimfuata mbuzi wake kule mlimani au alimfuata Koplo, mimi sikuuliza. Najua tu walibarikiwa kanisani, na kwamba bwana harusi alivaa koti lile lile.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni miaka mingi baadaye, watu walipokuwa wakizungumza habari za uhuru kila penye kivuli. Nilikuwa na duka langu la mikate na kitambi cha kutangazia biashara. Nikashuka kwenye basi Tengeru, nikapanda mlima nikihema, nikifurahi kwamba hanioni. Nilimkuta mferejini, kichwa cheupe, suruali imekunjwa, anazungumza peke yake.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba, Mkate. Umenenepa. Njoo uone mwenyewe!" Akanivuta hadi mahali ukingo ulipotobolewa, maji yakachepukia kando. "Umeona? Watu wa kuja hawa! Wamejenga hapo juu juzi tu, jembe hawajalishika, wanataka maji. Hawana adabu. Wewe unakwenda ugenini unaanza na kuchukua? Sisi wenyeji tutakunywa nini?"

Nikamtazama, nikingoja acheke. Hakucheka. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Wametoka wapi?" nikauliza.

"Huko!" Akatupa mkono kuelekea mashariki, kama anayeonyesha ng'ambo ya bahari. "Mbali. Kikatiti."

Kikatiti tungefika kwa miguu na kurudi siku ile ile. Nilianza kucheka, nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Mama Makande akatokeza kati ya migomba na sufuria mkononi. "Mwache tu, baba," akaniambia. "Amekuwa hivyo mwaka mzima. Jana kamwambia mchungaji kwamba zamani watu wa hapa hatukuwa hivi."

"Na hatukuwa!" Koplo akasema, akainama kuziba tundu kwa tope. Nami nikavua viatu.